Siku 11 baada ya kukatwa mfuko wa chakula, na njaa bado inauma

"Daktari, siku 11 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba. Kila niliyemsikia aliyepitia upasuaji huu anasema miezi ya mwanzo hakusikia njaa hata chembe, alikuwa akijilazimisha kula. Mimi njaa ilirudi siku ya nne. Tumbo linanguruma, na kuna kitu kinanichimba chini ya kidari, zaidi usiku na alfajiri. Nakunywa supu iliyochujwa, chai ya maziwa na juisi, lakini nusu saa haiishi nahisi kama sikutia kitu tumboni. Ikifika jioni natokwa jasho na mikono inatetemeka kidogo. Nikinywa juisi natulia. Dawa zangu za kisukari, metformini na gliklazidi, nameza kama zamani. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikala vijiko vinne vya viazi vilivyopondwa. Havikuniumiza, ila sasa naogopa: nimetanua mfuko, au nimefungua mshono? Je, daktari aliacha sehemu kubwa mno? Na kama viazi vimepita bila maumivu, siwezi kuanza chakula cha kawaida mapema nipumzike na njaa hii?"

Nitayajibu maswali yako yote, lakini naanza na sentensi uliyoipita haraka haraka: jasho na kutetemeka jioni, kunakotulia ukinywa juisi. Usiihesabu hiyo kuwa njaa ya kawaida mpaka umepima sukari. Gliklazidi huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na huisukuma hata siku ambayo hukula. Kipimo unachomeza kilipangwa kwa mtu aliyekuwa akila milo kamili. Leo unaingiza sehemu ndogo tu ya chakula kile, na upasuaji wenyewe hushusha sukari ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijaonyesha tofauti kubwa. Dawa haikupunguzwa, chakula kimepunguzwa sana: matokeo yake ni sukari kushuka kupita kiasi, na ubongo uliokosa sukari hudai chakula kwa nguvu kuliko tumbo lolote tupu.

Kwa hiyo pima sukari leo, na upime tena dalili zitakapokuja jioni. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, yaani 70 mg/dl, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kama mililita 60 hadi 100, unywe kwa mafunda madogo ndani ya dakika tano, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, fuatisha kinywaji chenye protini ili isianguke tena. Na usimeze kidonge kinachofuata cha gliklazidi kabla ya kuzungumza na daktari wako. Mpigie simu leo hii, usingoje siku ya kliniki. Metformini ni habari nyingine, kwa kawaida peke yake haishushi sukari hadi kiwango cha hatari, lakini nayo ipitiwe upya. Ukimpigia, muulize pia kuhusu dawa za shinikizo la damu kama unazo, maana dawa za kuongeza mkojo kwa mtu anayekunywa kidogo humkausha na kumtia kizunguzungu.

Sasa tuje kwenye hofu yako kubwa, kwamba upasuaji umeshindwa. Haujashindwa, na njaa ya siku ya 11 si ushahidi kwamba daktari aliacha sehemu kubwa.

Katika upasuaji huu, ambao wengi huuita slivu, huondolewa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, upande wote wa nje uliokuwa ukipanuka. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi unaobeba kama mililita 100 hadi 150. Sehemu iliyotolewa, hasa ile kuba ya juu, ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kiasi kikubwa cha ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba ni wakati wa kula. Ndiyo maana wengi husimulia kwamba njaa ilipotea. Lakini ghrelini hutengenezwa pia kwenye mfuko uliobaki na mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kwa hiyo hushuka, haifutiki. Tena haikuwa peke yake kazini hata zamani. Njaa ni hesabu ya vitu vingi: ghrelini, sukari ya damu, mazoea ya saa za kula, usingizi, harufu inayotoka jikoni, na jinsi ukuta wa mfuko ulivyonyooshwa na chakula. Ukipunguza kimoja, kwa baadhi ya watu hesabu nzima huanguka, na kwa wengine hubaki na salio. Wale wanaosema hawakusikia njaa hawakudanganyi. Ila wanasimulia miili yao.

Kisha kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi kwa uwazi kabla ya upasuaji. Mfuko mwembamba hukushibisha kwa kukizuia chakula kizito: kipande cha samaki au yai hukaa, ukuta hunyooka, presha hupanda, unatosheka kwa vijiko vichache. Kimiminika hakina cha kuzuia. Supu iliyochujwa hupita kwenye mrija ule karibu kama maji yanavyopita kwenye mpira wa bustani, na baada ya slivu kasi hiyo huongezeka zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Unaposema nusu saa haiishi tumbo liko tupu, unaeleza ukweli wa mitambo: liko tupu kweli. Silaha kuu ya upasuaji wako bado haijatolewa kwenye ala, nayo itatoka utakapofika kwenye chakula kigumu chenye protini. Kupima mafanikio ya slivu katika wiki za vinywaji ni sawa na kulaumu bwawa kabla mvua haijanyesha.

Hata ishara ya kushiba haiko sawa sasa hivi. Ukuta wa mfuko umevimba, na matawi madogo ya neva yaliyokuwa yakipeleka habari ubongoni yameondoka pamoja na kipande kilichokatwa. Watu wengi katika wiki hizi hawasikii kushiba kwa namna waliyoizoea. Kushiba kwao huja kama kubanwa katikati ya kifua, kwikwi, chafya, makamasi kutoka ghafla, au mate kujaa mdomoni. Zijue alama zako. Kwikwi ya kwanza ni amri ya kuweka kikombe chini, hata kama kichwa kinasema bado.

Kunguruma nako kusikutishe. Mfuko na utumbo vikikaa bila kazi hupitisha wimbi la kujisafisha kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, likisukuma mabaki, hewa na maji kwenda chini. Kwa mtu anayekunywa tu, ndani kuna maji na hewa tele, basi sauti inakuwa kubwa. Ongeza juu yake hewa unayomeza ukinywa kwa haraka au kwa mrija wa kunywea, na kwa baadhi ya watu maziwa ambayo utumbo unashindwa kuyameng'enya vizuri baada ya upasuaji. Kelele za tumbo hazikwambii kama una njaa au huna.

Kile kinachochimba chini ya kidari usiku na alfajiri nakishuku zaidi kuwa asidi. Mrija mwembamba una presha kubwa kuliko mfuko wa zamani, na asidi iliyomo haina chakula cha kuishughulisha, kwa hiyo huunguza ukuta ulio na kidonda kibichi au hupanda kwenye umio. Hisia yake inafanana sana na njaa, na wengi huilisha. Kuna namna ya kuzitofautisha. Njaa ya kweli hujengeka polepole, na ukiipa protini hutulia saa moja au zaidi. Asidi hutulia dakika chache tu ukinywa maziwa kisha hurudi, huzidi ukilala chali, na mara nyingi huacha uchachu kooni.

Wagonjwa wengi hutoka hospitalini na dawa ya kuzuia asidi kama omeprazoli, ya kutumia miezi kadhaa. Hukuitaja. Kama ulipewa ukaiacha kwa sababu huna kiungulia, irudie. Kama hukupewa, uliza. Humezwa asubuhi, nusu saa kabla ya kinywaji cha kwanza chenye lishe. Kama kapsuli ni kubwa kwako, nyingi zinaweza kufunguliwa na chembe zake kumwagwa juu ya kijiko cha yogati laini, lakini muulize mfamasia kwanza kuhusu aina uliyopewa. Usizisage wala kuzitafuna, kwa kuwa ganda la chembe hizo ndilo linaloikinga dawa isiharibiwe na asidi kabla ya kufika utumboni. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au mbao chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi hukunja tumbo na kuongeza presha. Acha saa mbili au tatu kati ya kinywaji kizito cha mwisho na kulala, maji kidogo hayana neno. Kahawa na soda viache kabisa kwa sasa. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki nazo zikae mbali, zinatoboa vidonda. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoandikiwa.

Kiu ni mdanganyifu mwingine. Mtu mzima wa kawaida hupata sehemu ya maji yake kutoka kwenye chakula, nawe huli. Lengo ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, vinywaji vyote vikihesabiwa, na haliwezekani kwa kunywa glasi nzima nzima. Linawezekana hivi: mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kila dakika 15. Hiyo ni mililita 120 kwa saa, na kwa saa 14 za kuwa macho unapata karibu lita 1.7. Weka chupa yenye alama karibu nawe na mlio wa simu kila robo saa kwa siku tatu za kwanza, mpaka mkono uzoee. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea au mweusi kuliko hapo, bado uko nyuma. Maji vuguvugu huwa rahisi zaidi kwa mfuko uliovimba kuliko ya baridi kali.

Lakini nadhani sehemu kubwa ya njaa yako imo ndani ya vikombe vyenyewe. Tazama unachokunywa: supu iliyochujwa, chai ya maziwa, juisi. Supu iliyochujwa ni maji yenye chumvi na ladha, protini yake ni gramu chache. Chai ya maziwa inategemea maziwa yaliyomo, na kwa kawaida ni kidogo. Juisi ni sukari: kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 25. Sidhani siku yako nzima inafika gramu 20 za protini, wakati mahitaji yako ni gramu 60 hadi 80. Sukari ile nayo hupita haraka utumboni, hupandisha insulini, kisha hukuacha ukiwa na njaa kuliko ulivyoanza. Na kwa kuwa unameza gliklazidi, juisi inakuokoa jioni na kukuharibia mchana. Ukishapunguziwa dawa, juisi haitakuwa na kazi tena, iondoe.

Protini hushibisha kuliko wanga au mafuta kwa kiasi kile kile cha nguvu, na kinywaji kizito huchelewa kidogo kutoka mfukoni kuliko chepesi. Tumia vyote viwili bila kuvuka hatua ya vinywaji. Chukua nusu lita ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta, ukoroge ndani yake gramu 50 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, uchuje madonge. Hapo una protini gramu 34 hivi ndani ya nusu lita. Ongeza kipimo kimoja cha unga wa protini, chenye gramu 20 hadi 25, kilichokorogwa kwenye maji mililita 250, ugawanye mara mbili au tatu. Malizia na yogati isiyo na sukari gramu 150, iliyolainishwa na maziwa mpaka imiminike: gramu tano au sita nyingine. Jumla ni kama 60 hadi 65. Kama maziwa yanakujaza hewa au kukuharisha, tumia yasiyo na laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, au maziwa ya soya yasiyotiwa sukari. Unga wa protini usiumimine kwenye kitu kinachochemka, hujikunja madonge magumu. Ngoja kipoe mpaka kidole kivumilie.

Namna ya kuvinywa ina uzito kama vilivyomo. Gawanya protini hiyo mara tisa, kila saa moja na nusu hivi, mililita 100 kwa dakika 20 hadi 30. Katikati yake nywa maji. Ukisubiri mpaka njaa ikushike shingoni ndipo unywe, utakunywa kwa pupa, utameza hewa, utabanwa kifua, na bado hutashiba. Kinywaji cha saa moja asubuhi ndicho wengi hukiruka kwa kuwa njaa ya asubuhi ni ndogo. Kisha jioni huwalipizia. Usikiruke.

Nimalizane na viazi. Vijiko vinne havijatanua mfuko wako. Mfuko hautanuki kwa mlo mmoja. Kutanuka, kunapotokea, ni kazi ya miezi na miaka ya kula kupita alama ya kushiba. Kuhusu mshono, yaani ule mstari wa pini ndogo za chuma zilizofunga ukingo uliokatwa, ungevuja, kwa kawaida usingekaa unaniuliza swali kwa utulivu. Hesabu mapigo ya moyo ukiwa umekaa kimya dakika tano, pima joto. Mapigo yakiwa chini ya 100, joto chini ya 38, na maumivu ya tumbo yanapungua siku hadi siku, hali ni njema. Endelea kupima asubuhi na jioni kwa wiki moja, kwa sababu mivujo mingi hujitokeza katika wiki za mwanzo na bado uko ndani ya kipindi hicho, viazi au bila viazi.

Ila usichukue kutokuumia kuwa kibali. Tishu inayopona haina neva za kutosha kukuonya kwamba imelemewa, na uvimbe wa ndani hauko sawa mrija mzima: tonge la leo linapita, la kesho linakwama kwenye kona ya katikati, unaanza kutapika. Kutapika kwa nguvu hupandisha presha juu ya mstari wa pini katika wakati ambao kovu halijakomaa, na hilo ndilo tunaloliogopa zaidi ya viazi vyenyewe. Halafu viazi ni wanga laini. Vinateleza kama supu nzito, havishibishi kwa muda, wala havikupi protini. Umehatarisha kwa faida ndogo, ndivyo ningesema kama ungekuwa umekaa mbele yangu, bila ugomvi.

Je, inawezekana kupanda hatua mapema? Hapa niwe mkweli: ratiba hazifanani. Vituo vingine huwapeleka wagonjwa kwenye vyakula vilivyosagwa mwishoni mwa wiki ya kwanza au katikati ya ya pili, vingine husubiri wiki ya tatu, na vyakula laini huja karibu na wiki ya tano. Hakuna namba moja takatifu. Tofauti ni kwamba anayeamua anajua yaliyoonekana mezani siku ya upasuaji: kama damu ilitoka kuliko kawaida, kama tishu ilikuwa nene, kama mstari uliimarishwa kwa nyuzi. Wewe na mimi hatujui. Mpigie mwambie wazi una njaa, umekula viazi, na unaomba kuanza vilivyosagwa. Huenda akakubali kesho. Akikubali, anza na protini: yai lililopikwa laini sana na kusagwa, samaki mweupe aliyesagwa na mchuzi wake, dengu zilizochujwa maganda. Vijiko viwili vikubwa kwa mara ya kwanza, kijiko kidogo kidogo, dakika 20. Tangu hapo usinywe pamoja na chakula, na baada ya kula ngoja dakika 30, kwa sababu kinywaji hukisukuma chakula kitoke na kukurudisha kwenye tatizo ulilonalo leo. Akikataa, fuata, na urekebishe vikombe kama nilivyoeleza. Kwa watu wengi njaa hulegea ndani ya siku tatu au nne protini ikifika inakotakiwa.

Dawa za sindano za kupunguza hamu ya kula sizipendekezi katika hatua hii. Hukawiza chakula kutoka mfukoni na kuleta kichefuchefu na kutapika kwa baadhi ya watu, mambo mawili usiyoyahitaji ukiwa na kovu la siku 11. Kutafuna ubani nako, ambako wengi hukimbilia, kunakujaza hewa, na ukiumeza unaweza kukwama. Kama unatumia prednisoloni, olanzapini au mirtazapini kwa ugonjwa mwingine, zinaongeza hamu ya kula. Usiziache kwa uamuzi wako, zitaje tu.

Ipo pia njaa ya kichwani, na siitaji ili kukudharau. Mtu aliyekuwa akijituliza kwa chakula kwa miaka ameondolewa kitulizo chake ghafla, wakati huohuo ana maumivu, usingizi mbovu, na nyumba nzima inaendelea kula mbele yake. Kuomboleza chakula ni kitu cha kweli. Jipime hivi: ukipewa kikombe cha maziwa ya protini yasiyo na ladha, ungekitaka? Ukikitaka, tumbo linadai, lipe. Ukiona hapana, unataka kile kitu cha kukaangwa tu, basi ni kichwa, na kikombe hakitakitibu. Toka jikoni, piga mswaki, tembea nyumbani dakika kumi, ongea na mtu. Hamu ya namna hii hupanda kisha hushuka yenyewe. Kama kuna mwingine anayeweza kupika wiki hizi tatu, mwachie sufuria. Na kama kabla ya upasuaji ulikuwa na vipindi vya kula bila kujizuia na kula kwa siri, mwone mwanasaikolojia wa timu sasa, usingoje uzito uanze kurudi.

Mambo mengine hayasubiri simu wala ushauri wa maandishi. Nenda hospitali mara moja ukiona mapigo ya moyo yamepita 120 ukiwa umetulia, hata bila maumivu makali, kwa kuwa kwa mtu mwenye mwili mkubwa tumbo linaweza kubaki laini huku ndani kunavuja na moyo ndio wa kwanza kusema. Vivyo hivyo joto la 38 na kuzidi, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au yanayochoma bega la kushoto, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu au choo cheusi kama lami, na kushindwa kubakiza kimiminika chochote kwa siku nzima. Sukari ikishuka mpaka ukachanganyikiwa usiweze kumeza, au ukazimia, walio nawe wasikutilie kitu mdomoni, wakukimbize. Kutapika kwa siku nyingi kuna hatari moja inayosahaulika: akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili au tatu tu, na ikiisha mtu huona vitu viwili viwili, huyumba akitembea, na akili humvurugika. Waambie wahudumu kwamba ulifanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula na umekuwa ukitapika, ili wakupe B1 kabla ya dripu ya sukari, na wasipitishe mpira wa puani kwa kubahatisha.

Nikuandae pia kwa linalokuja, maana mtu mwenye njaa huvunjika moyo upesi. Karibu na wiki ya tatu mizani husimama kwa wengi, siku kadhaa au wiki nzima, kwa sababu mwili unarudisha maji uliyoyamwaga haraka mwanzoni. Ni maji, si mafuta, na hakutokani na vijiko vinne vya viazi. Baadaye sana, ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, njaa huwarudia hata wale wanaokusimulia leo kwamba hawaijui; wakati huo wewe utakuwa umeshajifunza kuishi nayo.

Kabla ya kwenda kliniki, andika siku tatu mfululizo: saa, ulichokunywa kwa mililita, gramu za protini, sukari uliyopima, na njaa ilikuja saa ngapi na ilitulizwa na nini. Ukurasa huo utamsaidia mtaalamu wa lishe kuliko maelezo ya kumbukumbu. Safu ya sukari ianze leo jioni.